Pembe ya Kukhu

Mlango wa sebule yangu hapa Bukoto haupendi kukaa wazi. Upepo ukipita kidogo tu unajibamiza, kwa hiyo nimeuwekea chuma cha kuuzuia. Ni springi ya gari, nene, ya kujizungusha, iliyoshika kutu mpaka imekuwa na rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi. Wageni huikwaa, hushika vidole vyao, kisha huniuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake asinunue kizuizi cha mlango kama wenzake. Mimi huwapa pole na chai. Siku za mvua springi hiyo hunuka, na si harufu mbaya: ni grisi ya zamani iliyochanganyika na unga wa mahindi. Ikinifikia nimejilaza mchana wa Jumapili, nusu macho nusu usingizi, napotea kabisa. Sijui tena kama mimi ni huyu mama wa leo au ni yule mtoto aliyeegemea dirisha la pikapu ya babake, kidevu juu ya mkono, akitazama mji ukipita umeinama upande mmoja.

Kwa maana Kampala ya utoto wangu ilikuwa imeinama. Vilima, minara ya makanisa, kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, waliosimama juu ya majalala wakiwa na sura za wazee waliofiwa, vyote vililala kidogo upande wa kulia, na mimi niliamini ndivyo Mungu alivyovipanga. Ilinichukua muda kutambua kuwa si mji ulioinama, ni sisi. Pikapu yetu ilikuwa imekaa chini kwa nyuma, pembe ya kushoto, mithili ya mtu aliyechoka akaweka nyonga moja kwenye kiti.

Baba alikuwa Mbukusu wa Kenya aliyekuja Kampala kabla sijazaliwa, na kazi yake ilikuwa kupelekea mashule unga wa posho na maharagwe. Pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Ilikuwa ya kijivu, ingawa ukweli rangi yake ilikuwa unga. Ulijipenyeza kwenye viti, kwenye nyufa za dashibodi, hata kwenye nyusi za baba. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mama, ambaye aliongea kwa niaba ya wote wawili, alisema baba angeweza kukaa na jino bovu mwaka mzima bila nyumba kujua.

Kisha akaja Kukhu kukaa nasi. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mamake baba, mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini na kicheko kilichoanzia tumboni kikachukua muda kufika mdomoni. Alitoka kijijini Bungoma na maoni yake yote. Posho ya Uganda aliila, lakini alisema ni ugali uliokatazwa kukua. Luganda hakukijua wala hakukitaka; alikuwa na Kibukusu chake na Kiswahili cha sokoni, na kwa hivyo viwili alijadiliana na nusu ya soko la Nakawa. Jambo moja tu lilimshinda: kukaa ndani ya gari. Harufu ya petroli na viti ilimchafua roho. Basi lililomleta kutoka mpakani alilisimulia kama watu wanavyosimulia vita. Tangu siku ile aliapa hatapanda tena kitu chenye madirisha.

Kwa hiyo alipanda nyuma. Baba alimkunjia gunia katika pembe ya kushoto kabisa, karibu na mlango wa nyuma, naye alikaa hapo amenyoosha miguu, kitambaa kichwani, mwavuli mapajani, mgongo kwa ubavu wa gari. Alitazama tulikotoka. Tukipita mahali, yeye ndiye aliyepaona mwisho, na aliwapungia mkono watu ambao sisi wa mbele tulikuwa tumeshawasahau. Wauza ndizi, walinzi wa maghala, akina mama wa kanisa letu la ibada ya Kiswahili, wote walimjua. Mimi nilikaa mbele karibu na baba, na kila mara nikiinua macho kwenye kile kioo kidogo cha ndani nilikutana na macho ya baba. Kioo hicho kilikuwa kimegeuzwa upande wangu, hakikuelekea barabara kama vya magari mengine. Niliona fahari sana. Nilidhani baba amekigeuza ili anione mimi, nikawa nakaa vizuri, sichokoi pua, ili asije akajuta.

Asubuhi moja Kukhu hakuamka kuchemsha chai. Mama na baba waliongea chumbani kwa sauti za chini, kisha wakatoa godoro wakalitandika nyuma ya pikapu. Kukhu alitoka akiwa ameshikwa huku na huku. Alipofika kwenye gari akakataa kulala. Alikaa kwenye pembe yake, godoro likakunjwa nyuma ya mgongo wake, mama akapanda akakaa kando. Gari lilipoteremka kuelekea hospitali ya Mulago, Kukhu alinitazama kwa muda wote ambao njia ilimruhusu, na kabla ya kona aliinua mkono akanipungia.

Pikapu ilirudi jua likiwa limeshaanza kulegea. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikiingoja, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ile pembe ilikuwa chini. Leo najua ilikuwa ikishuka kidogo kidogo kwa miezi mingi, chini ya magunia ya maharagwe. Siku ile niliiona kwa mara ya kwanza. Mama akanivuta kifuani akaniambia Kukhu amepumzika, akasema na mengine ambayo hayakuingia. Watu wakajaa nyumbani, Wakenya wa kanisani, wakaimba. Kisha wakakodi basi wakaondoka wote kwenda Bungoma, na mimi nikaachwa kwa jirani kwa sababu ya mitihani. Waliporudi walisema wamempeleka Kukhu nyumbani.

Sikuwaamini hata kidogo. Nisikilizeni jinsi nilivyofikiri, na mniambie nilikosea wapi. Kukhu hapandi basi, hilo lilijulikana na kila mtu. Pikapu muda huo wote ilikuwa imeegeshwa hapo nje, niliiona kila siku. Nilimwona kwa macho yangu akipanda kwenye pembe yake, na hakuna siku niliyomwona akishuka. Na pembe yenyewe bado ilikuwa chini. Nilishangaa tu jinsi watu wazima wanavyoweza kulia namna ile juu ya mtu ambaye amekaa nje kwenye gari lao.

Mwaka uliofuata niliuishi pamoja naye, na siwezi kuwaambia kwamba ulikuwa mwaka wa huzuni. Nilimwamkia kabla ya kwenda shule. Nilimwachia karanga za kukaanga kwenye ukingo wa bodi, kwa kuwa alizipenda, na jioni nilikuta zimeliwa; kuku wa jirani walinenepa mwaka ule bila mtu kujua siri. Mvua ikianza, nilikimbia kumfunika kwa gunia. Baba aliliona gunia hilo mara nyingi. Hakuniuliza. Siku moja nililikuta limebadilishwa, limewekwa jingine jipya, zito, lisilovuja, nikafikiri Kukhu mwenyewe amejitafutia.

Kitu kimoja tu kilimtoa baba kwenye ukimya wake siku hizo. Mashemasi wa kanisa walikuwa wakiazima pikapu kubebea viti, na kila aliyeiendesha alinyoosha kile kioo cha ndani, akirudisha funguo huku akilalamika kwamba mtu anawezaje kuendesha gari bila kuona nyuma. Baba aliitikia kwa kichwa. Kisha alikaa kwenye usukani, gari likiwa limezimwa, akakigeuza kioo polepole mpaka kikarudi kilipokuwa. Nami nikiwa pembeni nilijinyoosha mgongo, nikajua napendwa.

Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia. Kwetu mtu akitimiza mwaka watu hukusanyika nyumbani kwake, wanakula, wanaongea habari zake, na kilio kinafungwa. Baba ndiye mtoto mkubwa, na unga wa kuwalisha watu hao wote ungetoka kwake. Pikapu ilitakiwa ijazwe ivuke mpaka. Mama akasema mbele yangu, akisonga ugali, kwamba gari lenyewe linachechemea likiwa tupu, sasa likibebeshwa si litakalia tairi njiani. Na kwamba tangu mwaka jana kila fundi anamwambia baba airekebishe ile springi, naye kila mara anasema kesho. Baba aliendelea kunawa mikono. Alinawa muda mrefu, kisha akasema ataipeleka Jumamosi.

Usiku huo niliwaza jambo moja mpaka usingizi ukanichukua nikiwa nalo. Wakiinua ile pembe, Kukhu atashuka. Atashukia Nakawa, kwa mafundi, mahali asipojua mtu, na Luganda hajui. Nani atamwonyesha njia ya Bukoto?

Kwa hiyo nililia mpaka nikachukuliwa. Fundi alikuwa Mkongomani wa upande wa Bukavu, tuliyemwita Papa Furaha kwa jina la binti yake, mwanamume mrefu aliyekunjika taratibu kila alipoingia chini ya gari. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya maghala ya Nakawa, ardhi nyeusi ya oili iliyolainika kama zulia, na juani ilimetameta rangi za upinde wa mvua ambazo nilizikanyaga kwa uangalifu. Aliingia chini, akagonga hapa na pale, akatoka akasema yale mabamba ya springi ya kushoto yamelala, yamechoka kubeba, lakini hayajavunjika. Hakuna haja ya kuyatoa. Ataongeza springi mbili za kusaidia, moja kila upande, kati ya ekseli na chesisi. Akazileta kutoka kwenye lundo: springi za kujizungusha alizozitoa kwenye gari dogo lililokufa, akazikata kwa mashine, cheche zikaruka mchana kweupe. Akatengeneza vikombe vya chuma vya kuzikalisha, akavitandika mpira wa tairi kuukuu ili visipige kelele.

Mimi nilikaa kwenye tairi, nimeng'ang'ania kamba ya gunia la Kukhu, naangalia.

Kulikuwa na desturi moja kwa Papa Furaha. Hakukaza bolti za mwisho gari likiwa tupu. Alitaka kuliona likiwa limebebeshwa, ajue springi zinapokea wapi, na kwa kuwa wateja wake hawakuja na mizigo yao, aliwapakia watu. Alipiga mluzi tu, na uwanja mzima ukaacha kazi: wapiga rangi, waziba pancha, vijana wa bodaboda waliokuwa wakisinzia juu ya pikipiki zao. Walipanda wakicheka, wanene wakisukumwa nyuma. Wa mwisho alikuwa Nalongo, mama wa mapacha aliyewapikia mafundi hao katogo, naye alipanda akijipepea kwa aproni, akatazama nafasi iliyobaki. Ilikuwa pembe ya kushoto.

Sikumbuki kupanda. Nakumbuka tu nimesimama mbele yake nimetanua mikono.

"Huyu mutoto anakataa mimi nakaa," Nalongo akasema. "Nani iko hapa?"

Nikamwambia ni Kukhu. Nikamwambia ni mamake baba, kwamba hapo ndipo anapokaa siku zote, na kwamba wakiliinua gari ataanguka.

Kijana mmoja alianza kucheka, akajikuta peke yake, akaacha. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama chini, mkono juu ya mlango wa nyuma, anatazama gunia.

Nalongo hakucheka. Alinitazama, akatazama pembe, kisha akashika aproni yake, akakusanya gauni, akapiga magoti pale juu ya bati lenye oili. Mwanamke mzito vile, alishuka polepole kama wanavyoshuka Waganda mbele ya mkubwa, akainamisha kichwa kwenye pembe iliyokuwa tupu, akamwamkia bibi kwa Luganda, kwa sauti ya chini, "Mwasuze mutya nno, jjajja."

Akangoja. Sijui alisikia nini, lakini alingoja kwa muda ambao mtu mzee angehitaji ili kujibu. Aliitikia kwa ile sauti ndogo ya kooni, mara moja na tena, wanavyofanya kwao salamu zinapoendelea. Kisha akainuka, akajibana katikati ya vijana wawili wa bodaboda, na pembe ikabaki wazi. Nimesalimiwa na watu wengi wakubwa maishani mwangu, na bado sijaona heshima iliyozidi ile.

Papa Furaha alikuwa ametoa kichwa chini ya gari. Aliniita kwa kidole, nikainama kwenye ukingo wa bodi. Uso wake ulikuwa na vumbi na macho yake yalikuwa mekundu ya moto wa kuchomelea.

"Mama, sikia," aliniambia, kwani Wakongomani humwita hivyo hata binti mdogo. "Mimi siko naondosha muzigo. Muzigo itabakia vile iko. Niko nasaidia tu gari ibebe."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Lakini mimi nilimtazama baba, kwa kuwa Kukhu alikuwa mamake yeye, si wa Papa Furaha. Baba alifuta mikono yake kwenye suruali ingawa ilikuwa safi.

"Basi kaa naye wewe," akasema. "Umshikilie tukishusha jeki."

Nikakaa. Nilipachika mgongo kwenye kona, nikatanua mkono wa kushoto kwenye ukingo, wa kulia nikauzungusha pale ambapo kiuno chake kingekuwa, nikafumba macho. Nilisikia jeki ikipumua. Gari lilianza kushuka pamoja nasi sote, polepole, watu wakashikana mabega. Niliingoja ile hali ninayoijua, pembe yetu kuzama chini kuliko nyingine. Tulishuka, tukashuka, kisha kitu kikatupokea kutoka chini. Hakikutusukuma. Kilitupokea tu, mara moja, kikatulia. Nilikaza mkono. Nilisikiliza kwa masikio yangu yote kama kuna miguu inayoshuka, kama kuna mwavuli unaogonga bati. Kulikuwa na redio ya mtu mbali, na kuni za Nalongo zikilia motoni. Hakuna aliyeshuka.

Nilipofumbua macho, Nakawa ilikuwa imenyooka. Mapaa ya maghala, nguzo za umeme, mstari wa vilima huko mbali, vyote vilikuwa wima, na kaloli aliyepita juu alipita sawasawa. Niliona kizunguzungu cha furaha. Nilimnong'oneza Kukhu atazame.

Tulirudi Bukoto kwa mwendo wa pole, mimi mbele karibu na baba. Kabla hajawasha gari alikitazama kioo. Kwa vile nyuma ilikuwa imeinuka, kioo kilikuwa kinaonyesha kitu kingine, nikaona mkono wake ukikishika na kukizungusha kidogo sana, huku na huku, mpaka akaridhika. Nilikitazama, nikakutana na macho yake. Yalikuwa na maji. Nikakaa vizuri, nikamtabasamia, nikidhani ananitazama mimi.

Tulipeleka unga Bungoma, na gari halikukalia tairi. Kule kijijini nilionyeshwa kaburi, maua na msalaba, nami nilikuwa nimekua kwa mwaka mmoja, na watoto huelewa mambo hayo siku yao ikifika bila mtu kuwaeleza. Nililia kwa mara ya kwanza, nililia sana, mama akafikiri nimechelewa tu.

Baba siku hizi anaishi huko. Mwaka jana aliniambia niiuze ile pikapu kwa watu wa vyuma chakavu, imekaa uani mpaka majani yameota kwenye bodi. Walikuja vijana wakasema wataisukuma, mimi nikae kwenye usukani niinyooshe. Nilikuwa sijawahi kukaa upande ule. Nilifungua mlango uliolia, nikakaa kwenye shimo ambalo mwili wa baba ulilichimba kitini, na harufu ya unga ikanipanda puani. Nikainua macho kwenye kioo.

Hakikuonyesha barabara. Hakikuonyesha kiti changu pia, ila ukingo wake tu, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingepita. Kupitia dirisha la nyuma lililojaa vumbi kilionyesha pembe ya kushoto ya bodi, karibu na mlango wa nyuma, yote, na hakuna kingine.

Niliwaomba wale vijana wangoje. Nilikaa mle ndani muda mrefu, kisha nikampigia baba simu, nikamwambia gari linaondoka, na kwamba nimeomba wanifungulie springi moja nibaki nayo. Akasema sawa. Akaniuliza ni nani atakayeshika usukani wakisukuma. Nikamwambia nimeshakaa.

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Basi umemwona," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Akasema kile kioo nisikinyooshe.

Sikukinyoosha. Vijana wakasukuma, mimi nikashika usukani, na tulipotoka langoni nilitazama mbele kwa jicho moja na kwa jingine nikatazama nyuma, mpaka kona.